Kufuli la Kidosho

Kufuli lilikuwa juu ya meza ya kupigia pasi, na halikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Hilo ndilo lililomuudhi Inspekta. Kufuli lililovunjwa lina maneno mengi. Unaliuliza swali moja, linajibu matatu. Kufuli zima hukaa kimya kama mkwe mgeni.

Asubuhi ya jana Mama, mwenye karakana ile ya ushonaji, alifungua mlango wa mbele, ambao kila fundi alikuwa na ufunguo wake, akakuta kila kitu mahali pake. Vyerehani vilikuwa vimefunikwa, vitambaa vimekunjwa, na kabati la chuma la kuhifadhia nguo za wateja limefungwa kwa kufuli lake. Kidosho, fundi mdogo kuliko wote, alivua utepe shingoni, akachomoa ufunguo, akafungua. Ndani ilikuwa inaning'inia henga tupu. Gauni la harusi alilolishona Kidosho, ambalo watu walianza kulisifu kabla halijavaliwa lilikuwa limetoweka, na bibi harusi alikuwa anaolewa Jumamosi.

"Kufuli zima, ufunguo mmoja, mwenye ufunguo mmoja," ilisema sauti ya Mkuu kwenye simu. "Sasa hapo unapeleleza nini, mzee wangu?"

"Napeleleza kufuli."

"Kufuli halijaiba gauni."

"Halijaiba, lakini lilikuwepo."

Mkuu alicheka. Alikuwa na kicheko kizuri, na hata kicheko hicho Inspekta alikionea gere. Huyu ndiye aliyekuwa akimbebea mafaili, akimfuata nyuma na kuuliza, "Afande, hapa tunaandikaje?" Leo alikuwa na ofisi yenye zulia na dereva wa kumfungulia mlango. Inspekta alikuwa amezisoma ripoti zake zote, nyingine mara mbili, akitafuta kitu kilichomo humo ambacho ripoti zake mwenyewe hazina. Hakukiona, na kutokiona kulimuuma kuliko cheo chenyewe.

"Nakupa mpaka jioni," Mkuu alisema. "Gari litakuja kumchukua huyo binti. Nimeshawaahidi ndugu wa bibi harusi kwamba leo analala ndani."

Inspekta alirudisha simu mfukoni, akaangalia chumba. Kilikuwa kirefu, chembamba, na madirisha upande mmoja. Karibu na mlango kulikuwa na cherehani cha Mama, ambacho siku hizi kilitumika zaidi kuwekea miwani yake, maana mikono ilikuwa imeanza kumtetemeka na sindano alikuwa amewaachia wengine. Katikati kulikuwa na meza kubwa ya kukatia vitambaa, na nyuma ya meza hiyo alisimama mwanamke mrefu mwenye mkasi kiunoni, mkataji wa karakana, ambaye kila mtu alimwita Dada Mkasi. Mwisho wa chumba, kwenye kigoda kando ya kabati tupu, alikaa Kidosho, macho yamemvimba kwa kulia.

Inspekta alivuta kigoda kingine akakaa mbele yake.

"Huo ufunguo unauvua wakati gani?"

"Siuvui, afande."

"Hata ukioga?"

"Naoga nao. Mama aliniambia ukipotea nimemwaga unga. Wa pili ulishapotea zamani, kabla mimi sijaja hapa."

"Ukilala?"

"Nalala nao. Mume wangu hata ananitania, anasema nimeolewa na kabati."

"Anatania au ananuna?"

Kidosho alisita kidogo. "Anatania huku amenuna."

"Kwa hiyo shingoni hapo haujawahi kutoka kabisa."

"Labda nikipimwa. Bibi harusi ana mwili kama wangu, kwa hiyo gauni wenzangu walikuwa wananivalisha mimi, wanachomeka pini huku na huku. Utepe unazuia shingo kukaa vizuri, basi nauvua naweka pale mezani." Alinyoosha kidole kwenye meza ya kukatia. "Lakini nakuwa hapahapa. Hatua mbili tu. Naona kila kitu."

"Ukipimwa mgongo unaangalia wapi?"

"Ukutani," alisema Kidosho, na hakuona kwa nini ameulizwa hivyo. Kisha akauliza, "Afande, mtoto wangu bado ananyonya. Nikilala ndani atanyonya nini?"

 Inspekta alinyanyuka akaenda kwa Mama kuomba kitambaa cheupe.

*

Kufuli la namna ile halifumuliwi likiwa limefungwa. Inspekta aliingiza ufunguo, akazungusha, na ule upinde wake ukaruka juu. Aliugeuzia pembeni, akachungulia ndani ya tundu lake. Chini kabisa kulikuwa na kichwa cha skrubu, kidogo kama punje ya mchele.

"Nina bisibisi ya cherehani," Dada Mkasi alisema. Alikuwa amesogea bila kusikika. "Hiyo itafika."

Ilifika. Skrubu ilitoka, na kwa pigo moja dogo la kiganja silinda ya kufuli ikateleza chini kwenye kitambaa cheupe. Inspekta alitoa pete nyembamba iliyokuwa nyuma yake, kisha akaomba penseli.

"Ya nini?" Mama aliuliza kutoka kwenye kiti chake.

"Humu ndani kuna springi, Mama. Ukichomoa tu bila kuweka kitu cha kuzishikilia, zinaruka, na wiki ijayo mtazikuta kwenye suruali ya mteja."

Nyumbani kwake alikuwa na sanduku zima la makufuli aliyoyafumua. Mkewe alikuwa ameshamwambia waziwazi kwamba anayaonea wivu: laiti angeangaliwa yeye kwa makini namna ile, angekuwa ameshanenepa. Inspekta alizungusha ufunguo kidogo, akausukuma moyo wa silinda, ile sehemu ya ndani inayozunguka, polepole huku penseli ikimfuata nyuma. Ulipotoka wote aliuinamisha juu ya kitambaa, na pini tano za shaba zikadondoka moja moja. Alizipanga kwa mpangilio uleule zilivyotoka. Hazikulingana urefu. Kila moja ilikuwa na ncha upande wa chini na kichwa bapa upande wa juu.

"Hizo ndizo zinazofunga?" Dada Mkasi aliuliza. Alikuwa ameinama mpaka kivuli chake kikaangukia kitambaa.

"Hizi ndizo. Kila jino la ufunguo linainua pini yake. Zikiinuka zote mpaka vichwa vyao viwe sawa na ukingo wa silinda, inazunguka. Moja ikibaki chini au ikizidi juu, haizunguki."

"Kumbe ni vitu vidogo hivi." Alionekana kama aliyepunjwa. "Watu tunaogopa kufuli, kumbe ndani ni vidude vitano."

"Kufunga ni rahisi. Kufumua ndiyo kazi."

"Hata kwetu ni hivyohivyo," alisema, akarudi kwenye meza yake.

Inspekta aligongagonga silinda. Vumbi likamwagika kwenye kitambaa, jeusi, kidogo kuliko chumvi ya kuonja. Aliliangalia kwa muda. Kufuli lilikuwa la shaba tupu, pini za shaba, springi za shaba, ufunguo wa shaba. Shaba ikisagika inatoa vumbi la njano.

"Mama, hapa mnaokotea nini sindano zikianguka?"

Mama alifungua droo akamrushia sumaku. Inspekta aliipitisha juu ya pini, na pini hazikujali. Aliipitisha juu ya vumbi, na vumbi likasimama wima, likarukia sumaku.

Lilikuwa vumbi la chuma. Kuna chuma kilichochongwa kwa tupa, kikaingizwa kwenye kufuli hili kikiwa bado na vumbi lake, na si mara moja.

Wakati huo mlango ulifunguliwa, akaingia mwanamke mmoja aliyejipamba, mkononi kitambaa kipya kwenye mfuko. Alimpita Mama, akaipita meza ya kukatia, akasimama katikati ya chumba akitafuta kwa macho.

"Yuko wapi yule binti anayeshona mabega? Shoga yangu ameniambia nisikubali mwingine."

"Hapokei kazi leo," Mama alisema.

"Naweza kukukatia mimi," Dada Mkasi alisema.

"Hapana, nitarudi," mwanamke akasema, akatoka.

Mkasi ulikuwa katikati ya kitambaa, umefunguka, na ukakaa hivyohivyo kabla ya kuendelea. Inspekta aliuona. Watu wengi wasingeuona, lakini yeye alijua jinsi mkono unavyosimama mtu mwingine akisifiwa mbele yako.

*

Mume wa Kidosho alikuwa na gereji mtaa wa pili, na jina lake mtaani lilikuwa hilohilo, Gereji. Miguu yake ilikuwa inaonekana chini ya gari. Inspekta aliipiga teke kidogo soli ya kiatu.

"Toka tuzungumze."

Alitoka akiwa amelala chali, uso umejaa grisi. Ukutani nyuma yake kulikuwa na tupa za kila saizi, na chini yake vipande vya chuma vya kila unene. Inspekta aliviangalia, na Gereji akaona vinaangaliwa.

"Mke wangu hajaiba," alisema.

"Sijasema ameiba. Mama anasema wiki mbili zilizopita ulikutwa umeshika kufuli la kabati, unalitikisa."

"Nilikuwa nataka kujua lina nini."

"Lina nguo."

"Nguo gani zinafungwa kama benki, afande? Mtu analala na ufunguo shingoni. Nikigusa utepe anashtuka usingizini. Kila siku anarudi jioni anacheka peke yake. Nikimuuliza unacheka nini, anasema bega limekaa vizuri. Bega la nani?" Alijifuta uso, akazidisha grisi. "Nikasema humo kabatini kuna zawadi za mwanamume. Kwa hiyo nilikuwa na wivu. Wivu ni kosa la jinai?"

"Bado. Ulichonga ufunguo?"

"Mimi?"

"Ndani ya kufuli kuna vumbi la chuma."

Chini ya grisi uso wa Gereji ulibadilika. Alikuwa mwepesi wa wivu lakini hakuwa mjinga. Aliona mara moja vumbi hilo linamwelekea nani, na kwamba likimfikia yeye linamvuta na mkewe.

"Afande, mimi nikitaka kuchonga ufunguo nachonga mara moja tu. Napima, nakata, unaingia. Vumbi la nini? Mimi si fundi wa kubahatisha."

"Kila fundi anasema hivyo."

"Basi nipe huo ufunguo nikuchoree hapahapa, uone kama mkono wangu unakosea."

Inspekta alimpa. Gereji aliuweka juu ya kipande cha karatasi, akauzungushia kalamu kwa kuubana kabisa, mstari ukigusa ufunguo kila mahali. Picha ilikuwa nyembamba na kali. Inspekta aliikunja akaitia mfukoni.

Simu ililia kabla hajafika karakana.

"Nimesikia mume ni fundi wa chuma," Mkuu alisema. Siku zote alikuwa anasikia. "Safi sana. Mke katoa ufunguo, mume kachonga, gauni limeuzwa. Gari likija linabeba wote wawili. Kazi nzuri, mzee wangu, ripoti nitaandika mimi."

"Mke ana ufunguo shingoni. Ana haja gani ya kuchongewa wa pili?"

"Ili tuulize swali hilohilo unalouliza," Mkuu alisema, akacheka tena kile kicheko chake.

Roho ilimuuma Inspekta mpaka mtaa mzima ukamchukiza machoni. Jibu lilikuwa zuri, na halikuwa lake.

*

Mama alikuwa na kioo cha kukuzia, cha kutungia uzi. Inspekta alikiazima, akasogeza kitambaa cheupe dirishani, akaanza upya na pini ya kwanza.

Ncha ilikuwa na michubuko mipya, hilo alilitegemea. Alilolitafuta lilikuwa juu zaidi, na alilipata: kwenye mwili wa pini, chini kidogo ya kile kichwa bapa, kulikuwa na jeraha dogo, kama mtu ameiuma kwa jino moja. Pini ya pili ilikuwa nalo. Ya tatu, ya nne na ya tano pia.

Alichukua rula, akaegesha vichwa vyote vitano kwenye ukingo wake. Pini zilipishana urefu kwa chini, ndefu, fupi, ndefu. Lakini yale majeraha matano yalikaa kwenye mstari mmoja ulionyooka.

"Lo," Inspekta alisema peke yake.

Mtu akiingiza ufunguo wenye meno marefu mno na kulazimisha uzunguke, pini inakuwa imezidi juu, na ukingo wa silinda unaiuma pale ilipozidi. Mwizi anayebahatisha angeacha majeraha kila mahali, moja juu, moja chini, pini nyingine bila jeraha kabisa. Huyu hakubahatisha. Alikuwa na umbo kamili la ufunguo wa Kidosho, jino kwa jino. Ila kila jino alilizidisha, na yote aliyazidisha kwa kipimo kimoja. Ufunguo ukagoma, ndipo akakaa na tupa kuupunguza kidogo kidogo, akiujaribu kila mara, mpaka ukakubali.

Sasa nani anajua umbo la kitu sawasawa, halafu anakikata kikubwa kwa makusudi?

Aliinua macho kupumzisha shingo. Mbele yake Dada Mkasi alikuwa ametandika kitambaa cha bluu, juu yake karatasi ya mkono wa shati. Alipitisha chaki ukingoni mwa karatasi, akazunguka yote. Kisha, bila kupima, akachora mstari wa pili nje ya ule wa kwanza, ukiufuata kila kona kwa umbali uleule. Aliondoa karatasi, akakata kwenye mstari wa nje, ili ndani ibaki nafasi ya kushonea.

Inspekta alitazama mpaka mkono wa shati ukakatika wote. Kisha alichukua ufunguo wa shaba, karatasi na penseli, akavipeleka kwenye meza ya kukatia.

"Dada, nisaidie. Mkono wangu mbaya. Nahitaji mchoro wa huu ufunguo kwa ajili ya ripoti. Kama nguo, uweze kukatwa."

"Lete."

Aliuweka ufunguo juu ya karatasi, akaanza kuzungusha penseli. Inspekta aliegemea meza.

"Hivi hilo gauni lilikuwa zuri kweli, au watu wanalikuza kwa sababu limepotea?"

Penseli ilikwenda. "Lilikuwa zuri."

"Zuri kuliko unayoyashona wewe?"

"Watu wanasema hivyo."

"Wewe unasemaje?"

"Mimi nasemaje." Ufunguo ulikuwa umezungukwa wote, na mkono, ambao haukuwa unasikiliza mazungumzo, ulikuwa umerudi ulipoanzia. "Mimi nilimfundisha kushika sindano. Alikuja hapa hajui hata kutunga uzi, akijichoma vidole, analia. Mimi ndiye niliyesema Mama tumuonee huruma. Leo mtu anaingia mlangoni ananipita kama kabati. Mama naye anasema akipumzika karakana atamwachia yeye, kwa sababu eti ana mkono. Kwani mimi hapa nina miguu mitupu? Bibi harusi alipolivaa siku ya kujaribu, mama yake alilia. Nimeshona magauni mangapi, afande? Hakuna mama aliyewahi kulilia gauni langu."

Penseli ikasimama.

Dada Mkasi aliangalia karatasi. Pale palikuwa na ufunguo, umechorwa vizuri sana, kila jino mahali pake. Na nje yake, kuanzia kichwani mpaka kwenye jino la tatu, kulikuwa na mstari wa pili.

Inspekta alitoa mfukoni ule mchoro wa Gereji, akauweka kando yake. Hakukuwa na haja ya maelezo. Kidosho alikuwa amenyanyuka kwenye kigoda chake, na Mama alikuwa anatafuta miwani ambayo ameivaa.

"Uliukata kwenye chuma gani?" Inspekta aliuliza.

"Rula ya chuma. Ile nyembamba." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anayetaja vipimo. "Nilichora wakati amegeukia ukutani. Nilipoingiza ukagoma, nikashangaa, maana nilikuwa na uhakika na mchoro. Nikawa nanoa kwa tupa ya mikasi, najaribu, nanoa. Sikujua nimekosea wapi." Aligusa mstari wa nje kwa kidole. "Kumbe ni hapa."

"Dada?" Kidosho alisema. "Dada, ni wewe?"

Dada Mkasi hakumwangalia. Alimwambia Inspekta, "Gauni liko kwangu. Twende ukalichukue kabla gari halijaja."

*

Dada Mkasi alikaa chumba kimoja, nyuma ya nyumba ya watu wengine, mlango unaofungukia uani kwenye kamba za nguo. Kidosho alikuwa amekataa kubaki. Njia nzima alitembea nyuma yao, ameshika utepe shingoni ingawa ufunguo haukuwepo. Simu ya Inspekta ilikuwa imelia mara kadhaa na hakuipokea.

Dada Mkasi alifungua mlango akasimama pembeni.

Kitanda kilikuwa kimesukumwa ukutani, na sakafu nzima ilikuwa imetandikwa shuka safi. Juu ya shuka lilikuwa limelala gauni la harusi, vipande vipande. Mgongo ulikuwa peke yake, kifua peke yake, mikono miwili mbalimbali, sketi imefunguliwa kama karata. Kila kipande kilikuwa kimepigwa pasi na kuandikwa namba kwa chaki pembeni. Nyuzi zilizotolewa zilikuwa zimewekwa kwenye sahani, hazikutupwa.

Kidosho alitoa sauti kama aliyechomwa.

"Sijalichana," Dada Mkasi alisema haraka. Kwa mara ya kwanza siku ile alionekana kuogopa, na hakuwa anamwogopa Inspekta. "Hakuna kitambaa kilichokatika hata kidogo. Nimefumua tu, mshono kwa mshono."

"Ulitaka kuliuza?" Inspekta aliuliza.

"Nani ananunua vipande? Nilitaka kuona anafanyaje." Alipiga magoti karibu na kipande cha bega. "Nilijua kuna kitu ameficha ndani. Kitambaa cha pili, au namna ya kukunja, ujanja fulani ambao hataki niujue. Nikafumua bega. Hakuna kitu. Nikafumua kiuno, hakuna kitu. Nikasema labda mgongoni. Nimelifumua lote, afande, mpaka pindo. Kila mshono uliomo humu ni wangu. Nilimfundisha mimi, na anauweka vilevile nilivyomwonyesha, hakuna hata mmoja nisioujua." Aliinua uso. "Sasa niambie wewe unayejua kufungua vitu. Kama kila kitu ni changu, kwa nini likiwa lake linapendeza?"

Inspekta alilijua swali hilo. Alikuwa nalo nyumbani, kwenye droo, katikati ya ripoti za Mkuu, na alikuwa hajalipatia jibu.

Kidosho alivua viatu, akaingia kwenye shuka akikanyaga katikati ya vipande bila kugusa hata kimoja. Alichuchumaa akaanza kuviokota, mgongo juu ya kifua, mkono juu ya mkono, akigeuza kila kimoja dirishani kukiangalia. Machozi yalikuwa yanamtoka lakini vidole vilikuwa vinafanya kazi.

"Nitaliunga," alisema. "Mpaka Jumamosi nitakuwa nimeliunga. Afande, lile gari lisinichukue."

"Halitakuchukua wewe," Inspekta alisema.

Kidosho alifika kwenye kipande cha bega, akaishia hapo. Dada Mkasi alikuwa bado amekipigia magoti. Walikuwa karibu kiasi cha kugusana vipaji vya uso, kama inavyokuwa watu wawili wanaposhona nguo moja.

"Dada," Kidosho alisema, "ungeniuliza tu. Ningekuonyesha."

Dada Mkasi alikiachia kile kipande.

"Najua ungenionyesha," alisema. "Ndiyo maana sikukuuliza."